Simu ya Nikolao Yahamishiwa Jikoni

Saa kumi na moja alfajiri, kwenye shamba la mikorosho nje kidogo ya mji wa Newala, mwanaume mmoja amejifunga kitambaa puani kama mwizi wa kuku. Mgongoni amebeba mashine inayonguruma. Upepo bado haujaamka na majani yana umande. Anaelekeza bomba juu, unga wa salfa, dawa ya ukungu wa mikorosho, unapanda taratibu, unazunguka matawini, kisha unatua kwenye maua na kutulia.

Huyo ni Nikolao Anselmo, mpuliziaji wa mikorosho. Ana miaka thelathini na minane, mke mmoja na watoto watatu. Analipwa kwa kuhesabiwa miti, na msimu wenyewe ni miezi michache tu ya maua. Inayobaki ya mwaka analima mihogo na kusubiri.

Bosi wake hasa ni upepo. Salfa hushika penye umande. Jua likipanda na upepo ukianza, anayeendelea kupuliza anajipaka mwenyewe.

"Kazi hii si ya nguvu," anasema akifungua kitambaa, nyusi zote njano. "Ni ya kuamka. Ukishaamka umefanya nusu."

Na huko kuamka ndiko kulikotaka kumnyima ugali.

Nikolao ni mzaliwa wa Lukuledi, upande wa Masasi. Alipanda Newala kumfuata mkewe, Flora, kama ilivyo desturi ya huku mume kuhamia kwa wakwe. Wanaishi kwenye ua wa bibi yake Flora, Bibi Selestina, mwanamke mwenye meno machache na maneno mengi. Kwa utani wa bibi na wajukuu, mume wa mjukuu ni wake pia. Kwa hiyo Bibi humwita Nikolao "mume wetu" na Flora "mke mwenzangu", kisha humwagiza Flora kuni.

Ukimuuliza Nikolao habari za usingizi, anausimulia kama watu wanavyosimulia marehemu waliyempenda.

"Kwetu Lukuledi kulikuwa na redio moja," anasema. "Mchana betri zinaanikwa juani pamoja na mihogo, zipate nguvu ya taarifa ya habari. Taarifa ikiisha, mama anaifunika redio kwa kitambaa chake cha kudarizi. Hapo nyumba nzima inaelewa."

Hakuna aliyeingia chumbani na redio. Ilibaki mezani chini ya kitambaa, na watoto wakabaki mkekani wakipeana hadithi gizani. Sauti zilipungua moja baada ya nyingine, mpaka msimuliaji akagundua fisi wake hana tena wa kumsikiliza. Naye akageukia ukutani.

"Ulikuwa usingizi mzito," anasema. "Ukilala mdomo wazi, unaamka wazi vilevile."

Kisha ikaja simu ya kupangusa. Nikolao aliinunua baada ya msimu mmoja mzuri, akaiweka chini ya mto. Sababu aliyompa mkewe ilikuwa ya maana kabisa: ina kengele ya kumwamsha kazini. Ila humo humo mlikuwa na kundi la wana Lukuledi waliotawanyika kila mahali, na wana Lukuledi, inavyoonekana, hawalali. Mara msiba, mara mpira, mara video ya mbuzi aliyepanda bodaboda.

"Nilikuwa nikimsemesha ananijibu 'mm'," anasimulia Flora. "Nikimwambia mtoto ana homa, 'mm'. Siku moja nikamwambia, Baba Gideoni, nyumba inaungua. Akasema 'mm', akapangusa."

Msimu uliopita mambo yakafika shambani kwa Mzee Hamudi, mwenye mikorosho mingi kuliko wateja wote wa Nikolao. Kengele ililia chini ya mto, mkono ukaizima wenyewe, mwenye mkono bado amelala. Nikolao alipofika shambani jua lilikuwa limeshachomoza na matawi yanacheza. Angerudi nyumbani angepoteza siku moja tu. Aliona aibu, akawasha mashine.

"Salfa yote ilielekea Masasi," anakiri, akicheka kidogo. "Ilikwenda kusalimia kwetu bila nauli."

Ukungu wa ubwiriunga ukaingia, maua yakawa meusi. Mzee Hamudi hakugomba. Alitafuta mpuliziaji mwingine, na kwa mji kama Newala hilo linatosha. Wateja wengine nao wakaanza kumwambia Nikolao kwamba mwaka huu watapuliza wenyewe. Nyumba yao wenyewe aliyokuwa anaijenga ikabaki kuta na bati, madirisha yamezibwa kwa maboksi.

Aliyelitatua jambo hilo hakuitisha kikao. Jioni moja baada ya kula, Bibi Selestina aliichukua simu mkekani, akaenda nayo jikoni, akaitumbukiza ndani ya mtungi. Newala maji ni shida, mtungi mtupu si kitu cha kutafuta.

"Wake tupo wawili na hatujawahi kugombana," alimwambia Nikolao. "Huyu wa tatu anayewaka taa usiku kucha, atalala jikoni."

Nikolao alikwenda kulala bila simu. Bibi akichukua kitu kwa utani, mume wake huyo wa utani hanuni. Akinuna, ua mzima unamcheka.

Siku za kwanza zilikuwa ngumu. Alishikwa na haja ndogo kila mara, na njia ya chooni, ajabu, ilipita jikoni. Kila alipofika mlangoni, Bibi alikohoa chumbani kwake.

Lakini kengele ilipolia alfajiri ndani ya ule mtungi, ilinguruma kama ngoma. Kuku walitawanyika. Jirani yao, Mama Naima, alitoka na kanga mbili akidhani kuna msiba. Nikolao ilimbidi aamke, avuke ua kwenye baridi, azamishe mkono mtungini hadi begani. Alipoipata simu, usingizi ulikuwa umeshamkimbia.

Na usiku, kwa kukosa cha kupangusa, akaanza kuongea. Flora anasema amesikia mwaka huu habari za Lukuledi ambazo hakuwahi kuzisikia tangu waoane.

"Haimalizi hata moja," anasema. "Anaanza, baba alikuwa na redio, halafu naona kimya. Mtu keshalala."

Msimu huu ulipoanza, Nikolao alikwenda kwa Mzee Hamudi, akasema shikamoo, akaomba kazi yake. Mzee aliitikia marahaba, akafikiri, kisha akampa mistari ya pembeni tu, ile inayopakana na barabara. Alimwambia hatamwangalia yeye, ataangalia maua.

Wiki hii mzee amekuja kuyaangalia. Anapita mti hadi mti, anashusha matawi kwa mkongojo, anageuza maua kwa kidole kimoja. Nikolao anamfuata nyuma na mashine yake mgongoni. Maua ni meupe, yenye wekundu kidogo, na mengine yameanza kufunga korosho.

"Siku hizi unaamshwa na nani?" mzee anauliza.

"Na bibi."

"Basi mwambie kesho akuamshie na huku juu," anasema Mzee Hamudi, akionyesha kwa mkongojo shamba lote lililobaki.

Kwa kazi hiyo Nikolao anatumaini kuingiza madirisha kabla ya mvua. Fundi wa umeme ameshapita kupima. Alipofika chumba cha kulala aliuliza soketi aiweke upande gani wa kitanda, Nikolao akamwambia asiweke hata moja. Fundi alidhani hakusikia vizuri, akauliza tena.

"Weka taa tu," Nikolao akamjibu. "Anayetaka chaji akalale sebuleni."