Sauti iliyopungua kwenye kwaya

Hamjambo wapendwa, afya zenu? Mimi leo nimemfumbisha macho mwalimu wa muziki mbele ya watu!

Nimeandika hadithi ya mauaji kwenye opera, ule mchezo wa jukwaani unaoimbwa mwanzo hadi mwisho. Muuaji ni mwanakwaya. Wenzake wakishikilia noti ndefu, anatoka jukwaani, anaua, anarudi. Mshonaji wa nguo zao anamgundua kwa masikio tu.

Leo kikundi chetu cha wasomaji hapa Bukoto kilikuwa kinaamua kama itaingia kwenye kitabu chetu.

Mwalimu, naye ni wa kikundi, akacheka. "Nnyabo, mama yangu, opera umeiona wapi? Mmoja akitoka, nani atajua?"

Kweli, naisikia redioni tu nikishona. Lakini alto, sauti ya chini ya wanawake, nimeimba kanisani miaka ishirini! Noti ndefu tunapokezana pumzi. Mmoja akikosekana, inayumba.

Nikawaita wanakwaya wenzangu watatu waliokuja kunisikiliza.

"Mwalimu, fumba macho."

Tukaimba. Katikati nikanyamaza, nikanyata hadi mlangoni.

"Hapo!" akapaza sauti. "Alto ametoka!"

Jamani, vigelegele! Yeye mwenyewe akawa wa kwanza kunyoosha mkono, hadithi iingie.

Mimi wa darasa la saba! Mungu apewe sifa.

Nijibuni upesi basi mnaionaje, nasubiri hapa na simu mkononi.