Shetani Aliyempiga Kabula

Niliondoka Mwanza kwa sababu ya maneno ya Mwalimu Severini. Alikuja hospitalini akaniambia kwamba katika kijiji chao cha ujamaa, kando ya ziwa, mwanafunzi wake, Kabula, anapigwa na shetani wa ziwani.

"Ndugu daktari, watu wanaamini," alisema. "Mimi naomba umtazame mwilini."

Asubuhi tulipanda lori la pamba. Tulipoipita Kisesa, barabara ikashuka kuelekea majini. Wadudu wa ziwani walisimama juu ya maji kama moshi mweusi. Dereva akapandisha vioo.

Kijijini nyumba zilipangwa mistari miwili. Mbele ya nyumba ya Masanja hapakucheza mtoto yeyote. Masanja ndiye baba mdogo aliyemlea Kabula tangu afiwe na wazazi. Alitupokea kwa upole.

"Karibuni. Jana ametiwa alama tena. Shetani huyo hatuonyeshi uso."

Nilimwomba atoke, nikabaki na Kabula na mke wa Mwalimu Severini, aliyetukuta pale. Mtoto alikuwa na miaka kama saba. Tulimvua gauni karibu na dirisha. Mgongoni michubuko mingine ilikuwa myekundu, mingine imegeuka kijani, mingine manjano. Haikuwa ya siku moja. Nyuma ya masikio, mahali ambapo mtoto akianguka haumii, palikuwa peusi. Mapajani niliona alama zilizopinda kama kitanzi, za kamba iliyokunjwa. Nilipogusa mbavu alishtuka, lakini hakutoa sauti. Alikuwa akitazama mlango. Nikatazama nami. Chini ya ubao wa mlango, nyayo mbili zilisimama kimya.

"Nani anakupiga?" nilimnong'oneza.

"Shetani."

"Akija anakuitaje?"

"Ananiita mwanangu."

Nilimwambia Masanja kwamba mtoto ana homa ya mapafu, lazima alazwe Mwanza. Pembeni nilimweleza mwenyekiti wa kijiji ukweli, naye akamshughulisha Masanja hadi tulipompakia Kabula.

Baadaye picha ya eksirei ilionyesha mbavu zilizokwisha kuvunjika na kuunga zenyewe. Masanja alikiri polisi. Kabula akaenda kulelewa na shangazi yake Misungwi. Tangu hapo kila mtoto aliyeumia namkagua mwili mzima, na anayeweza kusema namsikiliza kabla ya wakubwa wake.

Lakini siku ile, lori likiwa limeshaanza kunguruma, mwanamke nisiyemjua alikuja mbio na mtoto mgongoni. Akageuka kutazama nyumba zile, kisha akasogea dirishani.

"Na huyu, daktari," alisema kwa sauti ya chini. "Kwetu pia huja."

Nilimwambia dereva azime injini.