Muuzaji Aliyehamia Chumba cha Mbele

Nyumba yetu ya Kasongo tuliinunua kwa mwalimu mmoja mstaafu. Hatukuwa na pesa yote, naye akakubali tulipe kidogo kidogo kwa miaka mitatu, huku tukikaa ndani. Tuliandikiana mbele ya shefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu. Cheti cha parsele, yaani cha kiwanja, kingebaki kwake hadi tumalize. Yeye na mke wake wakahamia Wamaza kulima.

Ilipobaki miezi minne tumalize kulipa, mwalimu alishuka mlangoni kutoka kwenye pikipiki, na godoro lake na kuku wawili. Akaingia chumba cha mbele.

"Karibu, muzee," mume wangu akasema. "Utakaa siku ngapi?"

"Nyumba iko yangu. Niliuza kwa bei ya zamani. Sasa matofali yamepanda."

Asubuhi nilimpikia chai. Mchana nikaenda kumshitaki.

Shefu alikubali kwamba sahihi ya shahidi kwenye mapatano ni yake, lakini kumtoa mtu nyumbani si kazi yake. Akanituma kwa avoka, wakili wa mjini.

"Mama, njia ziko," avoka akaniambia. "Munaweza kuomba tribinali imulazimishe kutimiza mapatano. Ao mauzo yavunjwe, murudishiwe mulicholipa. Hiyo pesa anayo?"

"Hana hata ya sabuni. Anaoga na yangu."

"Basi musivunje. Na musiache kulipa, maana mukiacha kosa litakuwa lenu. Kila mara atie sahihi kwenye risiti."

Muzee hakuleta shida. Kila mwisho wa mwezi alipokea, akatia sahihi, akatukumbusha kwamba nyumba ni yake.

Siku ya kesi tulikwenda naye mahakamani kwa miguu, chini ya mwavuli mmoja. Hakimu alimwonyesha risiti.

"Sahihi hizi ni zako?"

"Ni zangu."

"Kwa hiyo uliuza."

"Niliuza."

"Sasa unataka nini?"

Muzee alitazama viatu vyake. "Mke wangu alikufa kule Wamaza. Nyumba ile iko kimya sana."

Miezi yote ile hakuwa ametuambia. Na sisi hatukuwa tumeuliza.

Hakimu aliamua bei haibadiliki: tukimaliza, atoe cheti, naye aondoke. Avoka akanipa mkono. Nilingoja furaha ije, haikuja.

Tulimaliza kulipa. Muzee akatoa cheti, tukaenda naye ofisi ya ardhi kuandikisha jina letu. Tuliporudi alianza kufunga godoro. Mume wangu akalifungua.

Nikarudi kwa avoka kuomba aandike kwamba muzee atakaa chumba cha mbele, bila kulipa, mpaka mwenyewe atake kuondoka.

"Mama, umeshinda," akasema. "Hii si lazima."

Nikamwambia aandike, na aweke mahali pa sahihi tatu.