Kikombe Kimoja kwa Siku

Wakati Babati ilipokuwa bado inazoea kuitwa makao makuu ya mkoa, baba alichimba kisima uani kwetu Maisaka, na maji yakatoka ya chumvi. Chai yake ilikunja nyuso za wageni.

Baba alikuwa mwalimu wa sayansi, hakukubali kushindwa. Alitengeneza boksi la mbao, akatandika nailoni nyeusi ndani, akamimina maji ya kisima. Kisha akang'oa kioo cha dirisha la sebuleni na kufunika nacho boksi kwa mteremko. Jua lingepasha maji moto, mvuke ungegeuka matone kwenye kioo, na matone yasiyo na chumvi yangechuruzika hadi kwenye chupa. Alitueleza hayo tukiwa tumesimama mstari, mama akiwemo.

Na kweli yalichuruzika. Kikombe kimoja kwa siku, nasi tulikuwa watu saba. Tulikunywa kwa kijiko.

Mama alitaka kioo chake, maana vumbi la barabarani lilikuwa linaingia hadi kwenye sahani. Akawaza kwamba baba akiona jaribio limefaulu sana, ataridhika na kuliacha. Basi baba akiwa shuleni, alinituma kwa jirani mwenye duka nikachote maji ya bomba, tukajaza chupa.

Baba aliporudi na kuikuta imejaa, alikaa chini kwanza. Kesho yake jua halikutoka kabisa, chupa ikajaa tena. Akaandika maelezo marefu daftarini kuhusu nguvu ya mawingu. Siku ya tatu akaanza kung'oa vioo vya chumbani.

Hapo mama akakiri. "Mwalimu," alisema, "mawingu ni mimi."

Baba akaniuliza kama nilijua. Nikamwambia nilibeba ndoo. Vioo vya chumbani vikarudishwa, lakini cha sebuleni aliomba abaki nacho, na mama kwa aibu akashindwa kukataa.

Sasa hakuna aliyeyaamini tena maji yale, mpaka yule jirani mwenye duka alipokuja kuonja. Aliyazungusha mdomoni, akasema hayana ladha yoyote, kisha akaomba ayatie kwenye betri ya pikapu yake, maana betri haitaki chumvi.

Baba alinuna kama dakika moja. Baada ya hapo, kila Ijumaa jirani alipita kuchukua chupa. Asubuhi pikapu ilipowaka, baba alisimama mlangoni na mswaki mdomoni, akiisikiliza.