Kibuyu cha Saa Tano

Kila ikifika saa tano asubuhi, mwanasaikolojia wa ghorofa ya tatu, pale Buenos Aires, huiacha simu juu akashuka kuketi ngazini, akifyonza chai chungu kwa mrija kutoka kwenye kibuyu chake. Bawabu Evaristo hajausahau mwaka ule daktari alipokuwa hashuki kabisa, mpaka mjane mmoja akatoka analia: daktari kasinzia akisimuliwa msiba. Leo mteja kamfuata hapo hapo ngazini.

"Daktari, dakika tano tu! Mke wangu kaninunia tena."

"Unafikiria kujidhuru?"

"La hasha!"

"Basi kesho saa nne."

"Una roho ngumu, mama!"

"Ndiyo. Na kesho nitakuwa macho."

Mteja akaenda zake akisonya. Daktari akafyonza tena chai yake. Kisha akampa kibuyu Evaristo, aliyesimama mlangoni.

"Kunywa, mzee. Ila habari za mama mkwe wako, hapana."