Uso wa Baba Baada ya Kuoga

Niliamshwa na mlio wa maji bafuni, kata baada ya kata, kabla sijamwona aliyekuwa akioga. Mchana ule wa utotoni ulinirudia juzi hapa mtaani Makole, muuza samaki wa kubanika aliponipita akinuka moshi, na uso wake, nisioujua, ghafla ukawa wa baba.

Kazi ya baba ilikuwa kubanika samaki huko bwawa la Mtera. Alikuja nyumbani mara chache, kwa saa chache, akinuka moshi. Siku hiyo mama alimpa kwanza sabuni ya dawa aogee. Aliponiinamia nilisikia harufu ya zahanati, nikaona macho makali na mdomo wa mtu anayeficha sindano.

"Shikamoo, daktari," nilisema, nikakimbilia nyuma ya kochi.

Mama akacheka. "Daktari gani, we Neema? Si baba yako huyo!"

"Njoo, mama," baba aliniita, mikono wazi. Kila aliposogea, harufu ilizidi kuubadilisha uso wake. Sasa najua kwamba pua huyaelekeza macho. Siku ile nilijua tu kwamba nitachomwa.

Alinisubiri mpaka muda wake ukaisha.

"Safari ijayo sitaoga, mwanangu," alisema taratibu, akatoka, na mlango ukafungwa nyuma yake.