Miwani ya Mwalimu wa Hisabati

Kila alipogawa pande zote mbili za hesabu kwa namba hasi, mwalimu wetu wa hisabati aliweka chaki chini, akavua miwani, akaifuta taratibu kwa upindo wa gauni, akaivaa tena. Ndipo alipoigeuza alama, kama kanuni inavyotaka, "kubwa kuliko" ikawa "ndogo kuliko". "Hasi haitaki papara, wanangu," alisema kwa sauti yake ya mafua yasiyoisha. Siku moja alisahau kuigeuza. Nani angethubutu kumsahihisha? Darasa zima tulivua miwani tusiyokuwa nayo, tukaifuta. Alitutazama, akageukia ubao, akacheka mpaka akatafuta kiti.

Kwenye mtihani wa taifa, msimamizi mgeni alishangaa kuona watahiniwa, mmoja baada ya mwingine, wakiweka kalamu chini na kufuta hewa kwa upindo wa shati. Mungu amtunzie mwalimu wetu macho yake.